Kiwanja cha shangazi na ile theluthi

Mkuu, umeuliza ufanyeje ili ukifa kiwanja chako kiende madrasa bila wanao kugombana. Mimi si mwanasheria. Nilikuwa msimamizi wa mirathi ya shangazi yangu, Tanga, nakupa niliyoyaona.

Shangazi aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari: "Kiwanja cha kule juu ni cha madrasa." Majirani wawili wakasaini, akaikunja, akaitia kwenye kopo la biskuti chini ya kanga zake.

Kwetu Waislamu wosia haupiti theluthi. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alitaka kutoa zaidi, Mtume (SAW) akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi. Hilo kila mtu msibani alilijua. Tusilolijua ni theluthi ya nini. Kwanza yanatoka mazishi na madeni. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa tatu. Nyumba na kiwanja tulivithamini milioni 66. Mazishi na deni la vikoba milioni 6, ikabaki 60, theluthi 20. Kiwanja peke yake kilikuwa 27! Ile 7 ya juu ni mali ya warithi, haitoki ila waridhie wenyewe baada ya kifo. Warithi walikuwa wanawe watatu wa kiume. Wawili wakaridhia palepale. Wa tatu akamaliza chai yake taratibu, akasema, "Mimi langu nalitaka." Ni haki yake, ingawa mimi nilimnunia miezi minne. Fungu lake lilikuwa milioni mbili na ushee, tukachanga tukampa.

Tukadhani yamekwisha. Kufika kwenye kuhamisha umiliki, kumbe madrasa haina wadhamini waliosajiliwa, kwa hiyo haiwezi kumiliki ardhi. Mwalimu, kwa nia safi kabisa, akasema, "Andikeni jina langu." Nikakataa. Siku akifa, wanawe wakaikuta hati ya baba yao, nani atawaeleza habari za kopo la biskuti? Tukasubiri mpaka bodi ya wadhamini ikasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kwa hiyo kabla hujaandika lolote, waulize madrasa yako jina lao la usajili, uliandike hivyohivyo.

Na kama una afya na kiwanja hukitegemei, kwa nini usikiweke wakfu sasa? Omar bin Khattab alifanya hivyo na ardhi yake ya Khaybar: haiuzwi, hairithiwi, mazao yake ndiyo sadaka. Wakfu wa mzima haubanwi na theluthi, ila ukingoja ugonjwa wa mauti umerudi kulekule kwenye theluthi. Ubaya wake, hautenguki. Wosia unaweza kuubadili hata kesho.

Wasio Waislamu hesabu yao ni nyingine, wenye uzoefu waje waseme.

Wosia wangu nimeuhifadhi RITA. Mke wangu anajua, na risiti anayo yule niliyemtaja kuwa msimamizi.