Jibu: Masaa ya CPL (leseni ya rubani wa biashara), kuzunguka Wilson au kwenda safari ndefu?

Mdogo wangu, umesema PPL (leseni ya rubani binafsi) unayo na unataka kujua kama masaa yaliyobaki uyamalizie karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, au umsikilize rafiki yako anayekuvuta kwenda Malindi, Kisumu na Lodwar. Nenda safari ndefu. Ila usichague njia kwa uzuri wa picha utakazopiga. Chagua kila njia kwa maamuzi itakayokulazimisha kuyafanya ukiwa peke yako kule juu.

Mimi nilijifunzia hapo hapo Wilson, sasa naendesha ndege ndogo za Caravan za watalii upande wa Arusha. Kwenye usaili, mkuu wa marubani jumla ya masaa aliitupia jicho tu, kisha akaanza kupekua daftari langu la kuandikia safari za ndege. Hapa ulilala Malindi, kwa nini? Hapa uliondoka kwenda Kisumu ukarudi njiani, uliona nini? Mwenye kurasa zilizojaa Wilson–Wilson atajibu nini?

Upande wa kanuni, kiwango cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) ni masaa 200, au 150 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake lazima kuwe na masaa 20 ya safari ukiwa PIC (rubani mkuu wa ndege), na safari moja isiyopungua kilomita 540 (maili 300 za baharini) ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Wilson, Malindi, Mombasa, Wilson inaitosha kabisa. Hakikisha na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga Kenya) kabla ya kulipa, maana wao ndio watakaokagua daftari lako.

Anza na hiyo ya pwani. Hadi Malindi ni kama maili 230 (hapa zote ni za baharini), na ardhi yenyewe inakusaidia kusoma ramani: una uwanda wa Yatta ulionyooka kwa mamia ya kilomita, halafu mto Galana unaoingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi kwa jina la Sabaki. Funika GPS, uende kwa dira, saa na mto. Kwenda panda futi 9,500, kurudi 8,500 au 10,500.

Kazi kubwa iko kwenye mafuta. Chukua Cessna 172 ya zamani yenye matangi ya kawaida: unapata lita 150 hivi za kutumia, inakula kama 33 kwa saa. Bila upepo, kwa mwendo wa noti 105 (maili za baharini kwa saa), Malindi ni saa mbili na dakika kumi. Msimu wa kusi upepo unakuja karibu usoni kabisa. Ukiwa noti 20, safari inakuwa saa mbili na dakika arobaini. Kwa hiyo hesabu dakika, maili ziache kwenye ramani. Kwenda na kurudi bila kujaza ukabaki na akiba haiwezekani, basi piga simu siku moja kabla. Na ukipiga usiulize kama "mafuta yapo". Watakujibu yapo, wakimaanisha ya jeti. Uliza avgas (petroli ya ndege ndogo kama yako), uliza lita ngapi, uliza anayepampu anafika saa ngapi. Ukifika, panda bawani upime kwa kijiti, geji za Cessna usiziamini.

Kurudi ndiko kunakofundisha zaidi. Umetoka usawa wa bahari, unakuja kutua futi 5,536. Siku ya nyuzi 26 hewa ya Wilson ni nyepesi kama ya futi 8,000 na zaidi. Kipima mwendo kinasema 65 kama kawaida, lakini ardhi inapita kasi kuliko ulivyoizoea Malindi, na macho yatakudanganya upunguze mwendo. Usipunguze. Ikibidi kupaa tena, mikscha (mkono wa kurekebisha mafuta na hewa) iwe imeshavutwa kwa kimo hicho, maana ikiwa imesukumwa mpaka mwisho injini inakosa nguvu wakati unapoihitaji.

Kisumu ni fupi, maili 145 tu, na wengi wanaidharau. Asubuhi za Julai mawingu yamelala juu ya Ngong huwezi kutoka. Ukisubiri yapande, mchana radi zinajengeka Kericho na milima ya Mau. Katikati una kidirisha cha muda, tena siku nyingine hakipo kabisa. Ukiweza kufunga ndege na kwenda kunywa chai huku umeshawaambia nyumbani utalala Kisumu, hapo umejifunza kitu ambacho sakiti (mizunguko ya kupaa na kutua uwanjani) hazifundishi.

Lodwar usiende peke yako mara ya kwanza. Ni zaidi ya maili 270, msaada uko mbali, na upepo wa Turkana si wa mchezo; si bure Loiyangalani wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Nenda na mwalimu, beba maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha, weka mpango wa safari rasmi na mtu wa kukufuatilia chini.

Kuvuka kuja Tanzania ni jambo zuri lakini lina vibali, forodha na ada, acha mpaka mfuko upumue.

Kuhusu rafiki yako: kugawana gharama ni sawa, lakini kila kipande kina PIC mmoja, na ndiye anayeandika masaa. Mmoja aende, mwingine arudishe. Kubalianeni mkiwa bado chini kwamba yeyote akisema turudi, mnarudi, na mjadala mtaufanya mkishatua. Na muulize mwenye ndege kama anatoza idadi fulani ya masaa, hata usiporuka, kwa kila usiku ndege inapolala nje. Mimi nilikuja kuliona hilo kwenye ankara, na halikuwa dogo.