Maua Mekundu Katika Mtama: Kwa Wenzangu Tunaolima kwa Simu

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Tabata alinitumia picha ya shamba lake la mtama lililoko Bahi, mkoani Dodoma. Chini ya mabua yaliyodumaa palikuwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka: vijimea vyenye maua mekundu, vingi kiasi kwamba kwa mbali ungedhani vimepandwa kwa makusudi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo dada. Naomba uniambie ninunue dawa gani, kesho nipite Kariakoo." Niliitazama picha ile kwa muda mrefu, kwa sababu miaka sita iliyopita nami nilitumiwa picha ya namna hiyo, nikauliza swali hilo hilo, na jibu nililopewa dukani likanipotezea fedha bila kuniokolea hata debe moja la nafaka.

Wakati huo nilikuwa nimenunua ekari tano Chamwino kwa bei iliyonifurahisha mno. Aliyeniuzia alijua ardhi ile ina nini na hakuniambia, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Nilimwajiri kijana mmoja wa pale kijijini awe msimamizi, nikawa ninaendesha kilimo kutoka ofisini Posta na nyumbani Kimara, kama wengi wetu tunavyofanya. Mwezi Januari alinipigia simu akasema, "Mama, mtama unanyauka na mvua ipo, udongo umelowa." Nilimjibu atafute viwavi. Alipiga tena baada ya siku kumi akasema viwavi hakuna, lakini majani yanapata michirizi ya njano na mimea haikui. Nilimwambia aongeze palizi. Maua mekundu yalipochomoza mwezi Machi nilikwenda dukani, nikauziwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana, ikapulizwa, maua yakakauka, nami nikajisifu kwa wenzangu kazini. Mavuno yalikuwa gunia nne katika ekari zote tano. Nilimshutumu kijana yule kwamba ameuza gunia nyingine, akaondoka bila kudai hata mshahara wa mwezi wa mwisho.

Hakuwa ameiba hata punje. Nililithibitisha hilo msimu uliofuata, nilipochukua likizo yangu yote nikaenda kukaa shambani. Mzee jirani, Mgogo aliyelima mtama tangu utoto wake, aling'oa kwa kijembe shina moja lililosinyaa, akalitikisa taratibu, kisha akaliosha mizizi ndani ya beseni la maji. Kwenye mizizi ya mtama palikuwa pameng'ang'ania vichipukizi vyeupe, vinono, kama choroko iliyoanza kuota, na hapakuwa na dalili yoyote juu ya ardhi. "Hiki ndicho kiduha," aliniambia. "Wewe unasubiri maua, na chenyewe kinakula chini tangu mtama una majani manne."

Ndugu zangu, kila kitu kuhusu kiduha kinaanzia hapo. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu zinazoweza kulala udongoni kwa zaidi ya miaka 10 zikiwa hai. Hazioti hovyo. Baada ya udongo kuloa kwa wiki moja au mbili husubiri kemikali inayotolewa na mizizi ya mtama, mahindi, ulezi au uwele, na zikiipata huota, hujishikiza kwenye mzizi, na kuanza kunyonya maji na chakula kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomoza. Dawa inayopulizwa juu ya maua humkuta mwizi akiwa amekwisha kushiba. Udongo uliochoka, usio na naitrojeni na fosforasi ya kutosha, hufanya mtama utoe kemikali hiyo kwa wingi zaidi, na ndiyo maana shamba lililolimwa nafaka ile ile mwaka hadi mwaka bila samadi ndilo linalolemewa kuliko yote.

Nilipoelewa hivyo niliacha kutafuta dawa na nikaanza kuhesabu miaka. Mwaka wa kwanza sikupanda nafaka kabisa. Nilipanda alizeti, ambayo mizizi yake huamsha mbegu za kiduha lakini haikipi pa kujishikiza, kwa hiyo mbegu huota na kufa. Karanga na kunde hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, ingawa kunde na njugu mawe zina adui yao wa jamii hiyo mwenye maua ya njano, nanyi msije mkashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Mwaka wa pili nilirudi kwenye mtama, lakini safari hii nilipanda aina ya mtama iitwayo Hakika, inayostahimili kiduha. Mbegu za Hakika na Wahi ziliidhinishwa hapa nchini mwaka 2002, zikitokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mtafiti mzaliwa wa Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Mizizi ya mtama huo hutoa kidogo sana ile kemikali inayoamsha kiduha. Niliweka samadi iliyooza vizuri, kwa maana samadi mbichi ya mifugo iliyokula mabua yenye kiduha inaweza kukirudisha shambani kwa mlango wa nyuma. Kila shina la kiduha lililochomoza liling'olewa kabla ya kutoa maua.

Mavuno yalipanda, na kiburi kikanirudia. Nilitunza mbegu yangu mwenyewe, nikaipura pamoja na nafaka yote, bila kujali kwamba masuke machache yalikuwa na punje za kijivu zisizo za kawaida. Msimu uliofuata nilibonyeza punje ya namna hiyo kati ya vidole viwili, ikapasuka na kunipaka unga mweusi kama masizi ya sufuria. Ilikuwa fugwe, ugonjwa wa ukungu unaoshika masuke ya mtama. Wakati wa kupura, unga ule hurukia punje nzima, hukaa juu yake, na huingia kwenye mche mbegu inapoota, lakini hauonekani hadi suke litoke. Kinga yake ni rahisi kiasi cha kuumiza moyo: mbegu safi iliyothibitishwa, au mbegu iliyochanganywa na dawa ya ukungu kabla ya kupandwa. Nilipoteza karibu robo ya masuke kwa kukwepa gharama ya mifuko michache ya mbegu.

Msimu huu nimevuna gunia 28. Ninajivunia gunia hizo na sitaona haya kulisema, lakini sitaki mtu aniambie kwamba nimekimaliza kiduha. Hata Marekani, walikogundua kiduha hiki chenye maua mekundu katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, pamoja na fedha zao zote na karantini, wamekifukuza kwa miongo mingi. Sisi tunataka kikome kati ya mshahara mmoja na mwingine. Tuache tabia ya kusimamia shamba kwa picha, na tuwaamini walio shambani wanapotuambia kwamba mmea unanyauka katika udongo uliolowa, kwa sababu hiyo ndiyo taarifa ya mapema kuliko zote, nami niliipata mara mbili nikaidharau. Yule kijana nimempigia simu mara nyingi. Hapokei.

Kwako dada wa Tabata: Kariakoo usiende. Mtama wa mwaka huu umekwisha kuumia, lakini mbegu za kiduha bado hazijamwagika, na maua unayoyaona yatageuka vifuko vya mbegu ndani ya wiki chache. Panda treni ya Jumamosi asubuhi. Beba magunia yasiyotoboka, ng'oa kila shina la kiduha uliweke ndani ya gunia papo hapo, usilirundike ukingoni mwa shamba, kisha uchome yote siku hiyo hiyo kabla hujarudi. Mbegu ya alizeti tutazungumza mwezi wa kumi.