Kabla ya Einstein tafuta ndoo

Nimejikaanga miezi kadhaa na vitabu vya Einstein nikitaka kujua nafasi na muda ni vitu gani hasa, nikaambulia kichwa kuuma. Kilichonifungua ni ndoo. Ndo maana nakushauri anza na Newton na ndoo yake ya mwaka 1687, na usiisome tu, ifanye.

Mi nilining'iniza ndoo yenye maji nusu kwenye mwembe wa bibi, nikaizungusha weee mpaka kamba ikasokotana, nikaiachia. Sasa hapo tulia uangalie. Mwanzoni ndoo inazunguka ila maji yametulia, juu bapa kabisa, baadaye nayo yanaanza kuzunguka, yanapanda pembeni na katikati panabonyea. Idake ndoo: yenyewe imesimama, maji bado yanazunguka na bado yamebonyea (mara ya kwanza niliidaka vibaya nikalowa mpaka soksi, bibi anacheka kibarazani). Yaani maji hayajali ndoo inafanya nini. Sasa yanazunguka ukilinganisha na nini? Newton akasema na nafasi yenyewe, ambayo ipo tu hata vitu vyote vikiondolewa, na muda nao unakwenda zake hata pasipotokea lolote.

Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, akagoma. 1715 mpaka 1716 alibishana kwa barua na Clarke, mtu wa Newton, mpaka kifo kikamkuta. Kwake nafasi ni mpangilio wa vitu vilivyopo pamoja, muda ni mpangilio wa vinavyofuatana, basi. Hebu sogeza ulimwengu wote hatua 5 mashariki, nani atajua? Kama hakuna tofauti yoyote, umesogeza nini?

Moyoni niko na Leibniz, tatizo ile ndoo bana, bado inanisumbua. Mach, mwanafizikia wa Austria, 1883 akajaribu kumwokoa Leibniz, kwamba labda maji yanalinganishwa na nyota na maada yote ya ulimwengu, na wazo hilo lilimgusa sana Einstein. Ukishafika hapo ndo umfungue Einstein wako.

Upande wa muda mwalimu wangu ni bibi. Nilimwambia kuna watu wanaamini muda upo hata pasiwepo kitu, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, jua lisipochomoza, saa moja asubuhi utaihesabu kutoka wapi?" Nikamwambia kuna Mjerumani aliandika barua 5 ndefu kwa hoja inayofanana na hiyo. Akasema alikuwa na nafasi huyo.