Miduara kwenye taa baada ya lenzi ya mbali na karibu

Pole, dada wa Masasi. Unasema mama katolewa mtoto wa jicho wiki 6 zilizopita, kawekewa ndani ya jicho lenzi ya bei ghali, ya kuona mbali na karibu, na sasa usiku kila taa ya bodaboda ina miduara. Ndiyo tabia ya lenzi yenyewe: inagawa mwanga kwa masafa tofauti, na ule usiotumika husambaa kandokando ya taa. Wengi huzoea ndani ya miezi 3 hadi 6. Akichambua korosho jioni mwekeeni taa kali, maana lenzi hizi hufifisha rangi zinazokaribiana.

Mrudisheni kliniki apimwe ukavu wa macho na namba ya miwani iliyobaki baada ya upasuaji; hata namba ndogo ya 0.75 huharibu picha. Upasuaji wa jicho la pili usubiri kwanza. Wengi hukosea hapa: akikutwa na utando nyuma ya lenzi, msikimbilie leza (mwanga wa kutoboa utando huo) kabla ya kuamua kama lenzi inabaki, kwani baada ya leza kuibadilisha ni kazi ngumu na hatari zaidi. Akipata maumivu, wekundu, vimulimuli au giza la ghafla, hospitali siku hiyohiyo.