Msomaji auliza: MGB ya 1968 iliyofufuliwa, ninunue?

SWALI: Mhariri, mzee mmoja wa Karen anauza gari la michezo la Kiingereza, MGB ya mwaka 1968 yenye paa la turubai, ambayo anasema imefufuliwa yote katika gereji moja ya Industrial Area. Rangi nyekundu inang'aa na viti vimeshonwa ngozi mpya. Bei anayotaka inazidi ile ya gari la Kijapani nililokusudia kuwanunulia wanangu, nami si fundi. Nitajuaje kwamba kilichofufuliwa si rangi peke yake? (Msomaji, South C, Nairobi)

JIBU: Ndugu msomaji, nayapenda magari haya tangu utotoni, kwa hiyo ningefurahi kuliona hilo likibaki barabarani, lakini nakuomba uisahau rangi kwa muda na uinamie vizingiti vilivyo chini ya milango.

MGB ziliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na hazina chasi iliyojitenga na bodi: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa kuwa gari la turubai halina paa la chuma la kulishikilia kwa juu, sehemu kubwa ya uimara wake imo katika vizingiti hivyo, ambavyo ni mabati kadhaa yaliyochomelewa pamoja na kuacha uwazi katikati. Maji yakituama humo, kutu hula kutoka ndani, na fundi asiye mwaminifu huweza kufunika bati lililooza kwa bati jipya, akapaka puti ya kujazia mashimo na rangi, na jicho lako lisione lolote. Muombe mzee akuruhusu kupiga jeki mahali pake chini ya kizingiti, huku ukiutazama mwanya ulio nyuma ya mlango. Gari likiinuka na mwanya ukajibana, au mlango ukagoma kufunguka, bodi inapinda, na hiyo si kazi iliyokamilika. Pitisha pia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, kwa maana haishiki penye puti nene. Kisha uliza gari lilikaa wapi miaka yote hiyo, kwani lililoishi Mombasa limevuta hewa ya chumvi.

Jambo lenye uzito kuliko maneno ya muuzaji yeyote ni picha zilizopigwa wakati bodi iko tupu, kabla ya rangi. Mtu aliyegharamia kazi ya kweli huwa nazo, pamoja na risiti za vipuri.

Kuhusu injini, ambayo ni ya sentimita za ujazo 1,798, usiogope haraka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo kabureta mbili za aina ya SU zikiachwa zilivyopangwa Uingereza huchanganya petroli nyingi mno, na plagi hujaa masizi hata kama injini ni nzima. Fundi aliyelijaribu gari hapa alipaswa kuzirekebisha. Muulize pia kama vikalio vya vali vimebadilishwa kuwa vya chuma kigumu, kwa sababu injini hizi ziliundwa zama za petroli yenye risasi, iliyovikinga vikalio hivyo visilike, na ambayo haiuzwi tena nchini.

Logibuku ilinganishwe na chuma chenyewe. Namba ya chasi ya gari la turubai la 1968 kwa kawaida huanza na GHN4, na herufi L au U ikifuata hapo, gari lilitoka kiwandani likiwa na usukani wa kushoto. Kama sasa uko kulia, muuzaji akueleze nani aliuhamisha na kwa vipuri gani. Hakikisha jina la mwenye gari, namba ya injini na rangi vinalingana na rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujalipa hata arubuni.

Ukikuta vizingiti vimeoza, bado si lazima uondoke. Bodi nzima za MGB zimekuwa zikiundwa upya Uingereza na British Motor Heritage tangu 1988, na vizingiti vyake huuzwa peke yake. Pata tu makadirio ya fundi unayemwamini kwa kukata, kuchomelea na kupaka rangi upya, pamoja na usafirishaji na ushuru wa vipuri, kisha kiasi hicho chote kipunguzwe kwenye bei anayoitaka mzee.