Ukiendesha baiskeli chini ya Etna, tazama jiwe kwanza

Majivu ya Etna, mlima wa moto wa kisiwa cha Sicily, Italia, si majivu ya jikoni. Ya jikoni ni laini, ukiyapuliza yanaruka. Haya ni jiwe lililosagwa: chembe nyeusi zenye ncha, nyingine ndogo kama chumvi, nyingine kubwa kama ulezi, na zikitanda juu ya lami tairi la baiskeli halina pa kushika. Nilijifunza hilo kwenye kona moja chini ya Zafferana Etnea, upande wa mashariki wa mlima, asubuhi moja ya mwezi wa tatu. Usiku mlima ulikuwa umetema. Niliona barabara imekuwa nyeusi zaidi ya kawaida, nikadhani ni kivuli cha miti. Nilipoinama kuingia kwenye kona, tairi la mbele likaenda zake, kama mguu uliokanyaga mahindi yaliyoanikwa sakafuni. Sikuvunjika kitu, ila kiganja cha kulia kilibaki na madoa meusi chini ya ngozi kwa wiki tatu, na muuguzi alizitoa chembe moja moja kwa brashi huku nimeuma meno.

Huu ni mwaka wangu wa sita Catania, Sicily. Nimekulia Arusha, kwa hiyo kuishi chini ya mlima wa moto hakukuwa jambo geni kwangu. Lakini Meru ulitema mara ya mwisho mwaka 1910, nao Etna haulali. Wasomaji kadhaa wameniuliza waje na baiskeli gani, wapite wapi, mwezi gani. Nitawajibu, ila nianze na jambo ambalo natamani ningeambiwa mimi siku ya kwanza: kwenye pwani hii ya mashariki ya Sicily, kabla hujatazama ramani, tazama jiwe lililo chini ya tairi lako. Jiwe ndilo litakalokuambia uende mwendo gani, ujaze upepo kiasi gani, na magofu utakayoyaona yamejengwa na nini.

Tumalize habari ya majivu. Ukisikia uwanja wa ndege wa Catania umefungwa kwa sababu ya mlima, baiskeli ibaki ndani. Mara nyingine hata si hiari: Agosti 2023 mji ulipiga marufuku pikipiki na baiskeli kwa saa 48, na magari yakaamriwa yasizidi kilomita 30 kwa saa. Majivu yakikukuta njiani, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Baiskeli isimame wima, breki ya mbele usiiguse mpaka barabara inyooke. Siku zinazofuata magari huyasukuma majivu pembeni, nayo hujikusanya zaidi upande wa ndani wa kona, pale pale ambapo mwendesha baiskeli anapenda kupita. Miwani vaa, hata kama hakuna jua.

Sasa mjini. Mwaka 1669 uji wa moto, yaani lava, ulitoka karibu na Nicolosi, ukashuka mpaka Catania na kuingia baharini. Ngome ya Ursino, iliyokuwa imekaa ufukweni, ilizungukwa na mwamba mpya, na leo bahari iko mbali nayo. Miaka 24 baadaye, Januari 1693, tetemeko likaubomoa mji. Watu wakaujenga upya kwa jiwe lile lile jeusi: kuta, milango, na mabamba ya barabarani yanayoitwa basole. Mabamba hayo yamesuguliwa na magurudumu na nyayo mpaka yanang'aa, na yakilowa hayana huruma. Mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi Muscat, alinitembelea mwezi wa tano mwaka juzi. Tulipofika Piazza del Duomo, penye sanamu ya tembo wa jiwe jeusi, walikuwa wametoka kuosha uwanja. Gurudumu lake la nyuma likacheza mara mbili.

"Kaka, hapa wamemwaga oili?"

"Hapana, mdogo wangu. Ni jiwe lenyewe. Shuka tutembee."

Nawe fanya hivyo hivyo, katikati ya mji tembea na baiskeli mkononi. Na ukija Februari, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Agatha ya tarehe 3 hadi 5, usiiamini Via Etnea, barabara kuu ya mji, hata ikiwa kavu. Waumini huandamana na mishumaa mikubwa usiku kucha, na nta huganda barabarani kama ngozi ya pili. Nimeona vijana waliozaliwa hapa wakianguka na pikipiki zao kweupe. Tena kutembea kuna faida yake: pale Piazza Stesicoro ukiegemea chuma cha pembeni na kuchungulia chini, utaona viti vya uwanja wa michezo wa Warumi, umejengwa kwa jiwe la volkano, na sehemu kubwa yake bado imelala chini ya nyumba ambamo watu wanapika na kulala. Anayepita kwa kasi haoni kitu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kaskazini, Catania mpaka Giardini Naxos na Taormina, kama kilomita 50 kwa barabara ya SS114. Usiichanganye na A18, hiyo ni barabara ya magari tu na baiskeli hairuhusiwi kabisa. Toka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ikiwezekana Jumapili, malori yakiwa yamelala na utakaokutana nao ni wazee wa klabu za baiskeli wakipeana habari za magoti yao. Kabla ya jua kuchomoza sheria ya Italia inakutaka uwe na taa, na nje ya mji uvae fulana ya kuakisi mwanga. Ndani ya mahandaki ya barabara nayo ni lazima, mchana au usiku.

Aci Castello usipite bila kusimama. Ngome ya Wanormani imekaa juu ya jabali jeusi linalotoka baharini, na watu wengi hupiga picha ya ngome wakaondoka. Shuka kwenye miamba, utazame jabali lenyewe kwa chini. Utaona mawe ya duara yamebanana kama mito ya kulalia iliyorundikwa kabatini. Uji wa moto ulitokea chini ya maji, kila tone kubwa likaganda nje likiwa bado la moto ndani, na lililofuata likalilalia. Niliweka kiganja changu, kile chenye kovu, juu ya mmoja wa mito hiyo. Ulikuwa na vitundu vidogo kama mkate wa kumimina. Mbele kidogo ni Aci Trezza, na majabali marefu yaliyosimama majini. Wagiriki wa kale walisema jitu la jicho moja, Polyphemus, ndilo lililoyarusha kumpiga shujaa Odysseus akikimbia na merikebu yake.

Neno jabali nimelitumia kwa makusudi. Waarabu walianza kuiteka Sicily mwaka 827, na mlima huu mpaka leo una jina la pili, Mongibello: monte ni mlima kwa Kiitalia, na bello hiyo ni mabaki ya jabal, mlima kwa Kiarabu. Mlima-mlima. Mto Alcantara, utakaouvuka karibu na Naxos, jina lake ni daraja kwa Kiarabu. Mdogo wangu alifurahi sana kusikia hayo, maana Oman anaishi na jabal kila upande. Kutoka hapo alikuwa akisoma kila kibao cha barabarani kwa sauti.

Baada ya Aci Trezza barabara inapanda hadi Acireale, kisha ni malimau, kuta za mawe meusi, na bahari upande wa kulia. Lami ina mashimo na viraka, na pembeni kuna vipande vya chupa. Tairi la milimita 28 ndiyo iwe chini kabisa. Mimi natumia 32, na upepo najaza pungufu kidogo ya ninavyojaza kwingine, kwa sababu tairi gumu sana linarukaruka juu ya viraka na mikono inachoka kabla ya miguu. Beba tyubu mbili. Kwenye vibanda vya vinywaji vya Catania na miji ya jirani omba maji ya soda yenye limau na chumvi. Wenyeji wanayanywa kwa ajili ya joto, na kwa mtu aliyenyonga pedali saa mbili yanafaa kuliko soda yoyote ya rangi.

Mascali utaipita haraka, lakini angalia mitaa yake ilivyonyooka. Mji wa zamani ulifukiwa na mlima Novemba 1928 ndani ya siku chache, na huu wa sasa ulichorwa upya kwa rula.

Naxos ndipo Wagiriki walipoweka makazi yao ya kwanza Sicily, mwaka 734 kabla ya Kristo kwa hesabu ya jadi, juu ya rasi ambayo yenyewe ni uji wa moto ulioganda. Watu hupaacha wakakimbilia Taormina, na mimi naona wanakosea. Kuna ukuta wa mawe meusi yaliyokatwa pembe nyingi, kila jiwe limekaa kwenye jirani yake bila saruji, na katikati ya magofu miti ya machungwa na malimau. Hapo utahitaji ndala begini, kwa sababu viatu vya kunasa pedali vina chuma au plastiki ngumu chini, vitakuangusha, na vitakwangua mawe yaliyostahimili miaka zaidi ya 2,400. Hilo la mwisho linaniuma ninapoliona.

Taormina iko mita 200 hivi juu ya bahari, kona kwa kona, mabasi mengi. Panda asubuhi. Ukumbi wake wa maonyesho ulianzishwa na Wagiriki, Warumi wakaujenga upya kwa matofali, na pale ukuta wa nyuma ulipobomoka ndipo Etna unapoonekana wote.

Ukitaka kupanda mlima wenyewe, kutoka Nicolosi hadi Rifugio Sapienza, kituo cha wapanda mlima, ni kilomita 18 hivi, kutoka kama mita 700 hadi 1,900 juu ya bahari. Mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalimalizia hapo 2017 na 2022. Gia iwe nyepesi, meno 34 mbele na 32 nyuma, na jaketi ulibebe hata Julai, maana kuteremka ni baridi.

Kusini mwa Catania jiwe linabadilika. Kati ya Augusta na Siracusa kuna viwanda vya mafuta, malori, na hewa nzito. Sikushauri upite, panda treni ya mkoa na baiskeli yako. Ukishuka Siracusa kila kitu ni cheupe: mawe ya chokaa ya milima ya Iblei. Ukumbi wa maonyesho wa Wagiriki umechongwa ndani ya kilima chenyewe, na pembeni kuna machimbo ya mawe; katika machimbo ya mji huu mateka wa vita wa Athens wasiopungua 7,000 walifungiwa mwaka 413 kabla ya Kristo. Jiwe hili halikwaruzi kama lile jeusi, lakini linarudisha jua usoni. Karibu na hapa, Floridia, ndipo ilipopimwa nyuzi 48.8 tarehe 11 Agosti 2021, joto kubwa kuliko lililowahi kuthibitishwa Ulaya. Njoo Aprili, Mei, au Oktoba. Ipo njia nzuri ya baiskeli kando ya bahari, Rossana Maiorca, inayopita pale reli ya zamani ilipokuwa. Kisha ingia Ortigia, kisiwa kidogo chenye mji wa kale, kwenye kanisa kuu, ambako nguzo za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, bado zimeshika ukuta. Mdogo wangu alisimama mbele ya moja, akaishika kwa mikono miwili, haikuenea. Hakusema kitu mpaka tulipotoka.

Ukirudi, usiifute baiskeli kwa kitambaa kikavu. Chembe za Etna zitakwangua rangi na kuila cheni. Mwaga maji kwanza, mengi, kuanzia juu, ziondoke zenyewe. Ndipo sabuni, ndipo kitambaa, na oili mpya kwenye cheni kabla ya kulala.