Maswali Yenu: Mafuta huoshwaje kwa maji?

SWALI: Shikamoo Mzee. Naishi Chongoleani, Tanga, linapoishia bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda. Fundi mmoja aliyerudi kutoka Uarabuni kaniambia mafuta ghafi huoshwa kwa maji kabla ya kupakiwa melini, eti ili kuyatoa maji na chumvi. Alinitania? Na chumvi yenyewe inaingiaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hakukutania. Nimeifanya kazi hiyo jangwani Oman mpaka nikastaafu, na huko kisima kikizeeka hutoa maji mengi kuliko mafuta. Maji hayo yamo mwambani tangu zamani, mengine yana chumvi kuzidi bahari. Chumvi unayoisikia imo ndani ya matone ya maji hayo.

Maji mengi hujitenga yenyewe: gesi juu, mafuta katikati, maji chini. Kazi iko kwenye vitone visivyoonekana kwa macho. Vimevikwa utando wa nta na lami, havikubali kuungana. Tulikuwa tunayapasha mafuta yawe mepesi, tunatia kemikali kidogo ya kupasua ule utando, kisha yanapita kwenye tangi lenye nyavu za umeme wa maelfu ya volti. Vitone vinavutana, vinaungana, vinazama. Vijana wageni kazini hupenda kuongeza kemikali kila mambo yakigoma. Ukizidisha, yanaweza kugoma zaidi.

Vitone vinavyobaki ni vichache lakini vikali kwa chumvi. Hapo ndipo tunatia maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kama lita 5 kwa kila 100 za mafuta, tunakoroga, umeme unayashusha tena. Kinachosalia kimeshazimuliwa.

Kabla ya kupakia, sampuli huchanganywa na tolueni, kimiminika cha kuyeyushia mafuta, ikazungushwa kwa kasi katika mirija ya kioo yenye ncha nyembamba. Maji hujikusanya nchani, unasoma mistari. Mikataba mingi inataka maji na taka visizidi asilimia 0.5. Ukisoma 0.7, mafuta hayo yanarudi mtamboni, hata kama nahodha anapiga simu. Kwenye meli ya mapipa milioni moja, hiyo 0.5 tu ni mapipa 5,000: mnunuzi hayalipii, na nafasi yamekula. Chumvi nayo ikipashwa moto kiwandani, hasa kloridi ya magnesi, hutoa asidi inayotafuna vyuma vya mnara wa kusafishia.

Kwa mpango wa mradi, mafuta ya Uganda hutenganishwa na maji hukohuko Buliisa na Kikuube kabla ya kuingia bombani. Tanga kazi ni kuhifadhi na kupakia, na kuyaweka ya moto, maana yana nta nyingi na yakipoa yanaganda.